Swali Lisilo na Namba

Hatua thelathini. Huo ndio uliokuwa umbali kati ya mlango wa Anaeli na mlango wa binti yake Aikande, kupita migomba sita na tangi la maji, tangu mwaka ule Aikande alipojengewa nyumba yake. Siku ya nne baada ya kumzika mtoto, Anaeli alipotoka kwenda kumjulia hali, zikawa thelathini na moja. Akadhani ni miguu. Mtu wa umri wake hulaumu miguu kwanza. Kesho yake zikawa thelathini na tatu. Wiki ilipokwisha zilikuwa sitini, na lile tangi ambalo zamani lilikuwa katikati ya njia sasa lilikuwa limebaki huku kwake tu, likivuja. Jirani aliyekuwa akimwaga maji ya vyombo alimwona akihesabu, akamwambia bila hata kushangaa, maana katika nchi ile mambo hayo yalijulikana:

"Mwinjilisti, nyumba ya binti yako inarudi nyuma."

"Naona."

"Basi kuna kitu alikuuliza, na wewe hukumjibu."

Hakuna aliyewahi kusikia nyumba ikitembea. Unalala, unaamka, moshi wa jikoni uko mbali kidogo kuliko jana, basi. Nyuma ya mashamba kulikuwa na mgongo wa kilima, na nyuma ya mgongo kulikuwa na ukungu usioinuka hata jua likiwa la utosini. Nyumba iliyoingia humo haikurudi. Ilisahaulika kwanza rangi ya milango yake, halafu sauti ya watu wake, mwisho majina. Yule jirani mwenyewe alikuwa na desturi ya kusimama uani na kusema, "Mimi nilikuwa na... nilikuwa na nani vile?" kisha akacheka kidogo na kuendelea kufagia. Kicheko hicho ndicho kilichomnyima Anaeli hamu ya kula.

Kwa sababu alijua aliulizwa nini, na alijua alijibu nini.

Miaka arobaini na mmoja alikuwa mwinjilisti wa kanisa dogo la bati, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kufundisha watoto wa kipaimara. Alikuwa na kijitabu cha maswali mia moja na kumi na mawili, kila swali na namba yake, kila namba na jibu lake. Yeye hutaja namba tu. "Ishirini na saba!" na watoto hupasua jibu kwa pamoja kama mvua ya ghafla juu ya bati. Ungeweza kumkuta Anaeli amesinzia mchana kwenye kiti chake, ukamnong'oneza sitini na tatu, akakujibu kabla ya kufumbua macho. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyofundisha. Aikande naye alipita mikononi mwake, na akiwa na miaka kumi na mitatu aliyajua yote mia na kumi na mawili, bila kurukaruka.

Kisha Penieli, mtoto wa Aikande, mwenye miaka minne, akashikwa na homa. Kanisa zima liliomba. Watu mia mbili, wakipokezana, siku tatu. Siku ya nne wakamzika. Na siku ya tatu baada ya hapo Aikande akiwa amekaa kizingitini, kanga ya mtoto mapajani, alimwambia baba yake:

"Baba, tuliomba watu mia mbili. Aliyesikia ni nani?"

Hapo Anaeli, Mungu amsamehe, alifanya kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine yeyote ila mwalimu wa kipaimara. Alitia mkono mfukoni, akatoa kijitabu, akalowesha kidole kwa ulimi, akauliza:

"Hilo ni swali la ngapi, mwanangu?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kwa unyofu kabisa, kama mtu anayetafuta ufunguo ambao ana hakika upo.

"Halina namba, Baba."

Akaingia ndani. Hakubamiza mlango. Aliufunga polepole, kama mtu anayefunika chungu.

Tangu siku hiyo kitu kilianza kumtafuna. Alikuwa akilala chali, akijiita namba mwenyewe, akijijibu mwenyewe, na majibu yalikuja yote, safi, hayakukosa hata neno, na kila lilipokuja aliliona likipita mbele yake kama mgeni asiyesimama kusalimia. Je, nilikuwa naamini, au nilikuwa nakumbuka? Mtu anayekumbuka njia ya kwenda kisimani na mtu mwenye kiu wanapita njia ileile. Ukiwatazama kwa nyuma huwezi kuwatofautisha. Lakini mmoja akikuta kisima kimehama hurudi nyumbani, na mwingine huanza kuchimba. Mimi ni yupi? Miaka arobaini na mmoja, Bwana, mimi nilikuwa yupi? Na kama mimi mwenyewe sijijui, wale watoto niliowapitisha mikononi mwangu, wako wapi leo, na nyumba zao ziko hatua ngapi kutoka kwangu?

Nyumba ya Aikande ilipofika hatua elfu moja na mia moja, na mgongo wa kilima ukiwa kama hatua elfu mbili, Anaeli alitia ndizi mbivu kwenye mfuko, akaacha kijitabu mezani, akarudi akakichukua, akaondoka. Alikuwa amesikia kwamba mbali huko iko nyumba wanakofundisha watu kuitetea imani: namna ya kumjibu anayekuuliza kwa nini unatumaini. Waliiita Nyumba ya Viti Viwili. Njia yake haikuwa na vibao vya majina ya mahali. Vibao vyake vilikuwa na maswali. *Nani kasema? Ulikuwepo? Na wale ambao hawajawahi kusikia, je? Kama ni mwema, mbona?* Anaeli alivipita kwa kasi, macho chini, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa mkali, na vibao vikageuka taratibu kumfuata.

Alifika saa nne ya asubuhi. Ilikuwa nyumba ndefu iliyowahi kuwa ghala la kahawa, bado inanuka maganda. Ndani alikuwamo mwanamke mnene wa makamo, anamenya viazi vitamu, na nyuma yake ukuta wenye rafu tatu za vitabu.

"Bwana asifiwe," Anaeli alisema.

"Amina. Karibu, Baba Aikande. Mimi ni Mama Kisa, ndiye ninayefundisha hapa."

Hakuwa amemtajia jina la binti yake. Akaona afadhali asiulize.

"Nimekuja kujifunza kujibu, mama. Nina haraka. Nyumba ya binti yangu..."

"Wote wana haraka. Kaa."

Palikuwa na viti viwili vinavyotazamana. Anaeli akaelekea kile chenye mikono na mgongo mrefu, alichodhani ni cha kujibia.

"Hicho kina mtu," alisema Mama Kisa.

Kweli kilikuwa na mtu, mzee aliyevaa suti nyeusi iliyopauka mabegani, kiatu kinang'aa. Anaeli hakujua amewezaje kutomwona.

"Kina mtu na hatoki!" mzee alisema kwa furaha. "Obedi ndiye mimi. Karibu, mwinjilisti! Niulize. Niulize chochote: mwanzo wa ulimwengu, gharika, kaburi, chochote. Nimesimama mihadhara sabini na mitatu, sokoni, stendi, viwanja vya mpira. Sijapigwa hata mmoja."

"Na uliowashinda?"

"Wao? Waliondoka."

"Hawakurudi?"

"Ah! Mzee mwenzangu, mbona unauliza kama mke wangu?"

"Mke wake nyumba yake ilikuwa hatua nne kutoka ya kwake," Mama Kisa alisema, kisu hakisimami. "Na yeye pia mzee huyu alimshinda. Obedi, hebu inuka umsalimie mgeni."

Obedi alishika mikono ya kiti, akainuka, na kiti kikainuka naye. Kilikuwa kimemshika kama ngozi. Akakaa tena, akatengeneza tai. "Nimezoea," alisema. "Ni kiti kizuri. Hakiyumbi."

Anaeli aliishika kofia yake, akasogea mbali na kile kiti.

"Hapa anayeanza huanza na kiti kile kingine," Mama Kisa alisema, akionyesha kigoda kisicho na mgongo. "Cha kuuliza. Unakaa, unasema swali la mtu wako kwa mdomo wake mwenyewe. Ukilisema kiasi kwamba yeye angekuwepo angeitikia, 'Ndiyo, ndivyo,' basi unaruhusiwa kugusa rafu. Kabla ya hapo vitabu vyangu usiviguse, utavichafua."

"Na nikilisema vizuri mno, mama? Likanishinda? Nikainuka hapo sina imani hata ya kuazima?"

Mama Kisa aliinua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa ya mtu aliyewahi kukaa pale.

"Hilo siwezi kukuahidi halitatokea."

Anaeli alikaa. Kigoda kilikuwa baridi. Alifungua mdomo aseme, *Binti yangu anauliza*, na mdomo ukasema kitu kingine.

Mimi ni Aikande.

Mimi ni Aikande, nina miaka thelathini na miwili. Nina kanga ambayo sijaifua. Nikiifua harufu itakwenda. Haya ni mambo ya sabuni, si ya Mungu, lakini kwangu yamekuwa kitu kimoja.

Yupo mzee mlangoni. Ni baba yangu. Ana kijitabu.

Tuliomba watu mia mbili. Nilikuwa nawasikia toka chumbani, sauti zao zinapanda, na mimi nimemshika mtoto, anapumua kama mtu anayepanda ngazi. Nikasema, sauti zote hizi, lazima zinafika mahali. Haiwezekani sauti nyingi hivi zisifike mahali. Kisha akaacha kupanda. Na wao walikuwa bado wanaomba. Hiyo ndiyo sehemu ambayo sijamwambia mtu. Aliacha, na wao wakaendelea, kama robo saa nzima, kwa sababu mimi sikutoka kuwaambia. Nilitaka waendelee. Nilikuwa nasubiri.

Yupo mzee mlangoni. Alimzika kwa sauti nzuri. Hakukosea hata mstari. Alimtupia udongo mara tatu kama inavyoandikwa. Mtoto alikuwa akimvuta ndevu mzee huyu. Mtoto alikuwa akimwita Babu Namba.

Hakulia. Mimi nilikuwa namtazama, nasema, akilia nitajua na yeye hakujibiwa. Tutakuwa wawili. Hakulia.

Sikuuliza ili anifumbulie fumbo. Niliuliza kama nilikuwa peke yangu mle chumbani. Ile robo saa. Ndicho nilichouliza. Nilikuwa peke yangu?

Analowesha kidole. Anafungua ukurasa.

Ee baba, funga hicho kitabu. Nitazame.

Anaeli alijikuta sakafuni, magoti chini, anatoa sauti ambayo hakuwa ameitoa hata alipomzika mama yake. Alilia kwa ajili ya Penieli. Babu Namba. Alikuwa ameisahau hiyo. Obedi alitazama pembeni, akapiga chafya ya uongo. Mama Kisa alimwacha, akakatakata kiazi, na muda ukapita ambao haukuwa na kipimo. Jua lilikuwa dirishani palepale pa saa nne, lakini Anaeli alipojigusa ndevu zilikuwa zimefika kifuani, na viazi ndani ya kapu vilikuwa vimechipua.

"Ndiyo," alisema Mama Kisa mwishowe. "Ndivyo. Sasa njoo kwenye rafu."

Alimwelekeza kama mtu anavyomwelekeza mgeni jikoni kwake. Rafu ya kwanza inauliza kama yupo: kilichoanza kimeanzishwa na nini, na hili lililo ndani yetu linalosema hii ni haki na hii si haki limetoka wapi. Rafu ya pili inauliza juu ya kaburi tupu la Pasaka. "Hapa kuwa kama karani wa mahakama. Ukitaka kutunga uongo, unachagua mashahidi gani? Unachagua wanaoheshimiwa. Hawa walioandika habari hiyo walisema wa kwanza kuona kaburi tupu ni wanawake, ambao baraza la siku zile lisingewapa hata dakika. Mtunzi wa uongo hajipi shida hiyo. Haimalizi kesi, lakini ni kitu cha kushika." Rafu ya tatu ilikuwa na vitabu vichache, vilivyochakaa kuliko vyote, kurasa zimevimba kama zilizonyeshewa. "Hii inauliza, kama yupo na ni mwema, mbona hivi. Wanaoanza hukimbilia ya kwanza, kwa kuwa haina maiti ndani yake. Wewe huna nafasi hiyo. Wewe umeulizwa la rafu ya tatu, anzia ya tatu. Hizo nyingine utazihitaji baadaye, akianza kuuliza zaidi. Na ataanza."

"Na nisipojua?"

"Unasema hujui. Kwa upole, na kwa hofu. Nimeona watu wakifukuzwa na majibu. Sijaona aliyefukuzwa na 'sijui' iliyotoka kwa mtu aliyelia."

Anaeli alisoma amesimama, midomo inatikisika. Hakuelewa hata nusu. Shule yake ilikuwa ya vipande vipande, na vitabu vile viliandikwa na watu walioisoma nzima. Lakini alifika mahali, ndani ya kimoja kilichovimba, palipoeleza habari aliyoijua tangu utotoni kama anavyojua mlango wa kwao: Mwana bustanini, ameanguka kifudifudi, anaomba kikombe kimwondokee, na wenzake wamesinzia, na kikombe hakiondoki. Alikuwa ameifundisha habari hiyo miaka arobaini na mmoja chini ya namba hamsini na nane. Hakuwahi kuona kwamba na huyu aliomba, na huyu akasubiri ile robo saa.

Kitabu kikamponyoka. "Mama, ni siku ngapi zimepita?"

"Hapa ni saa nne. Huko sijui."

Alikimbia. Mlangoni Obedi alimwita, na sauti yake haikuwa ile ya stendi. "Mwinjilisti! Njiani ukiona nyumba yenye dirisha la... dirisha la rangi... Kuna mwanamke. Mwambie."

"Nimwambie nini, kaka?"

Obedi alifungua mdomo. Mtu wa mihadhara sabini na mitatu, mdomo ukabaki wazi, na kiti chake, Anaeli aliapa baadaye, kililia kidogo kama mbao inayoachia msumari.

Alirudi mbio njia yote, na vibao vilipomgeukia alivitazama usoni. Hakuwa na majibu yake. Alivitazama tu, kama mtu anayesema nimekuona, nitarudi. Alipofika uani kwake hakuingia. Alianza kuhesabu kuanzia mlangoni, kwa sababu alikuwa hawezi kutembea njia ile bila kuhesabu. Elfu moja. Elfu moja mia tano. Mlango wake ulikuwa wa rangi gani? Bluu. Bluu, au kijani. Akaanza kusema jina kila hatua, ili lisimtoke. Aikande. Elfu moja mia nane, Aikande. Juu kabisa ya mgongo wa kilima aliiona, na nusu yake ya nyuma haikuwapo. Ukungu ulikuwa umekwisha kula chumba cha kulala na unaanza jiko. Mlango ulikuwa bado nje. Ulikuwa wa kijani.

Elfu moja mia tisa na nne. Akabisha.

"Nani?"

"Baba yako."

Kisha mlango ukafunguka kiasi cha uso. Alikuwa amekonda. Alizitazama ndevu zake.

"Shikamoo, Baba. Umekuja na kitabu?"

"Marahaba. Kipo mfukoni. Sikitoi." Alikaa kizingitini bila kukaribishwa. "Mwanangu, hukuniuliza ni nani aliyesikia. Uliniuliza kama ulikuwa peke yako. Mle chumbani. Alipoacha, na sisi tukawa bado tunaomba, na wewe hukutoka kutuambia."

Aikande alishika mwimo wa mlango. "Nani kakwambia hayo?"

"Nilikaa ulipokaa."

"Ndiyo," alisema polepole sana. "Ndivyo."

"Kwa nini hakumponya, sijui. Nimesoma mpaka ndevu zimefika hapa, sijui. Nikikuambia najua nitakuwa mwongo mbele ya kaburi la mtoto." Alijifuta uso kwa kiganja. "Ninachoamini ni kimoja. Yule tuliyemwomba, Mwana wake aliomba vilevile, akaachwa na kikombe chake. Aliyekuwa mle chumbani na wewe si mtu asiyejua chumba hicho. Hilo ndilo nililokuja nalo. Si kubwa."

Alikuwa analia mbele yake, mzee mzima, kamasi kwenye ndevu. Aikande hakusema amina. Alikaa chini upande wa pili wa kizingiti, kanga mapajani, na wakatazama huku mashambani wakiupa ukungu visogo, ukipumua nyuma yao. Anaeli alipoondoka, Aikande hakumwambia aje tena. Hakumwambia asije.

Asubuhi Anaeli alitoka kabla ya chai. Hakungoja hata kufunga kamba ya kiatu. Kama ni elfu moja mia tisa na tano, yamekwisha. Akaanza, anahesabu kwa sauti, jirani akimtazama na ufagio. Alisimama kwenye mia tisa na arobaini na tisa alipoona mtu anakuja njia ileile kutoka upande wa juu, macho chini, midomo inacheza. Alikuwa Aikande. Aliinua kiganja bila kumtazama, kumzuia asiseme.

"Usinipotezee," alisema. "Mia tisa hamsini na nne. Hamsini na tano." Akasimama mbele yake.

Anaeli alijumlisha kwa vidole mgongoni. Elfu moja mia tisa na nne, ileile ya jana. Akajumlisha tena.

"Baba," Aikande alisema, "nina lingine. Sikulala kwa ajili yake. Na hili ni gumu kuliko lile."

Mkono wa Anaeli ulikwenda mfukoni wenyewe, ukakigusa kijitabu, ukatulia. Akakaa chini kwenye vumbi, katikati ya njia, akavua kofia.

"Lete," alisema.